Mguu Niliouhukumu kwa Picha Moja

Wiki nne ni kitu gani katika maisha ya mtu? Nilikuwa na haraka ya kwenda wapi, hata nikashindwa kumpa binti wa watu wiki nne tu? Swali hili nimelibeba kwa zaidi ya miaka ishirini. Nimelijibu kwa namna nyingi, na kila jibu nikilikagua vizuri nalikuta ni uongo mwingine...

Mimi ni mwanamume wa miaka hamsini na mitatu. Nina mke na watoto watatu, nina shahada ya udaktari, na katika mji ninaoishi sasa watu husimama kunisalimu. Wasomaji wenzangu, msidanganywe na salamu hizo! Ninayewasimulia habari zake namfahamu kuliko wote wanaomsalimu, na simheshimu.

Nilizaliwa Songea. Nilipofika miaka ishirini na tisa nilipangiwa kazi Kigoma, katika hospitali moja ndogo ya wafadhili ambayo ilikwisha kufungwa siku nyingi. Sitaitaja jina. Tuliokuwa na shahada mle ndani tulikuwa wawili tu: Mganga Mkuu na mimi. Mganga Mkuu alikuwa mpasuaji mzee, mwepesi wa kisu na mzito wa kusoma. Mimi nilikuwa kinyume chake. Nilisoma kila kilichoandikwa, na sikumsikiliza yeyote aliyekuwa hai.

Ilikuwa miaka ya wakimbizi. Boti zilivuka Ziwa Tanganyika zikiwa zimejaa hadi maji yanachungulia ndani. Pale Katonga, kwenye ufuko wa wavuvi, akina mama waliokuwa wakianika dagaa walizoea kusogeza samaki wao pembeni, ili waliofika wapate mahali pa kulaza watoto. Nasi hospitalini tulizoea pia. Tena tulizoea upesi mno. Watu wakifika kwa wingi, macho ya mwenye kiburi huacha kuwaona mmoja mmoja.

Kule pwani ya ziwa, mtu akigongwa au akiteguka hakimbizwi hospitali. Hukandwa. Maji huchemshwa, kitambaa huchovywa, mawese hupakwa, na mama au shangazi huingiza vidole gumba katika nyama inayouma na kuisukuma kwa nguvu zake zote, asubuhi na jioni, kwa majuma. Mgonjwa akilia huambiwa kwamba ubaya unatoka. Huo ni upendo, wala si ujinga, lakini mimi wakati ule nilikuwa na neno moja tu kwa vitu vyote viwili.

Basi nilichukua ubao, nikaandika kwa mkono wangu mwenyewe, kwa rangi nyekundu: ALIYEKANDWA AU KUCHANJWA NYUMBANI ATAHUDUMIWA MWISHO. Nikautundika mlangoni. Mganga Mkuu aliusifu sana. Wauguzi nao wakauchukua ubao ule kama ruhusa ya kukaripia. Mama aliyekiri kwamba alimkanda mwanawe alipelekwa nyuma ya foleni, kisha akasemwa mbele za watu mpaka akainamisha uso.

Mnadhani watu waliacha kukanda? Thubutu! Waliacha kusema. Ndani ya miezi miwili hapakuwa na mgonjwa hata mmoja aliyewahi kukandwa katika mkoa mzima wa Kigoma! Nami msomi nikajipongeza. Nilikuwa nimewafundisha wagonjwa wangu kusema uongo, kisha nikawa nawatibu kwa kuutegemea uongo huo.

Fundi wetu wa eksirei alikuwa mwanamke wa Ujiji, mwenye umri wa miaka arobaini hivi, aliyeitwa Bi Zaituni. Kazi alijifunza kwa kusimama kando ya mafundi waliomtangulia, baadaye akapata cheti cha kozi fupi. Alikuwa na ulimi. Aliniita "Dokta mdogo wangu," na mara ya kwanza aliponiona nikisoma filamu niliyoishika juu chini, alisema kwa upole kabisa, "Dokta mdogo wangu, huyo mgonjwa hajafa. Mrudishe kichwa juu." Wauguzi walicheka siku nzima. Sikumsamehe.

Sasa niwafikishe kwa Goreti.

Goreti alikuwa na miaka kumi na tisa. Alivuka na mama yake na mdogo wake wa kike, Odeta, wakitokea upande wa Rumonge, Burundi. Siku waliyofika mawimbi yalikuwa makubwa, na abiria wote waliteremka kwa pamoja kwa hofu. Goreti alikuwa ndani ya maji hadi kiunoni, amemwinua Odeta begani, wimbi lilipoubana ubavu wa boti juu ya paja lake la kulia na kuligandamiza kwenye mwamba. Hakumwachia mdogo wake. Walipokewa na ndugu zao waliokaa kijiji cha Simbo tangu zamani, wakapewa chumba na kipande cha shamba. Kulikuwa na kijana fundi cherehani, Mrundi mwenzao, aliyekwisha kujitambulisha kwa mama yake, na harusi ilikuwa ikingojea mavuno tu.

Wiki tano baada ya kuumia waliletwa kwangu. Paja lilikuwa na uvimbe mgumu kama jiwe, na maumivu yalizidi badala ya kupungua. Nikaagiza picha.

Naomba mnivumilie niwaeleze jambo hili la picha, kwa sababu mkasa wote umo humo. Kuna saratani ya mfupa ambayo ni adimu. Daktari anaweza kustaafu bila kuiona. Katika picha huonekana kama wingu jeupe lililoushika mfupa. Kuna na kitu kingine ambacho si saratani hata kidogo. Msuli uliopondwa, kisha ukapondwa tena na tena kwa kukandwa, wakati mwingine hujigeuza na kuwa mfupa. Nao, siku za mwanzo, huonekana kama wingu jeupe. Hata ukikata kinyama cha katikati ukakitazama kwa darubini mapema mno, unaweza kudanganyika.

Lakini tofauti zipo! Wingu la saratani huwa zito katikati na hufifia kuelekea nje. Msuli uliogeuka mfupa huwa mgumu pembeni kama ganda la yai, na ndani hubaki laini. Saratani ile huushika mfupa. Huu mwingine mara nyingi huachana nao kwa ufa mwembamba mweusi, ambao hauonekani mpaka mgonjwa ageuzwe kidogo na kupigwa picha kwa upande. Na kama bado una shaka, subiri wiki nne, piga tena. Saratani itakuwa imesonga mbele na kula. Msuli utakuwa umekomaa na kujifunga ndani ya ganda lake.

Haya yote niliyajua. Niliyafanyia mtihani na nikafaulu!

Bi Zaituni alitoka chumba cha giza na filamu ikiwa bado inachuruzika maji. Aliitundika mbele ya taa, akaikodolea macho.

"Dokta mdogo wangu, niruhusu nimgeuze nimpige nyingine."

"Ya nini?"

"Huu mfupa umekaa zake. Hiki kitu naona ni mpangaji tu, hakijaoa humu ndani. Nikimgeuza tutaona mlango."

Nikamwambia kwamba filamu si za kuchezea. Hakunyamaza. "Basi muulize mama yake vizuri. Huyu binti amekandwa. Nimemshika paja, ngozi imebabuka kwa maji moto na inanuka mawese kama sufuria ya futari."

Nilikwenda kumwuliza mama. Tena niwaambie nilivyomwuliza, maana hapo ndipo nilipoanza kukata. Sikukaa. Nilisimama mlangoni, kalamu mkononi, ubao wangu mwekundu ukiwa nyuma ya kichwa changu, nikasema, "Mlimkanda?" kwa sauti ambayo mtu humwulizia mwizi.

Yule mama aliangalia ubao. Akaniangalia mimi.

"Oya, muganga," alisema. Hapana. "Hakuna mutu alimugusa."

Nikaandika: hajakandwa. Je, sikujua kwamba ananidanganya? Pua ninayo! Harufu ya mawese ilijaa chumba kizima. Lakini jibu lile lilinifaa... Wakati ule palikuwa pameitishwa mkutano wa madaktari Dar es Salaam, na vijana tulioalikwa tulitakiwa kupeleka mgonjwa wa ajabu. Aliyeng'ara angeweza kupata ufadhili wa kwenda kusomea ubingwa ng'ambo. Malaria nilikuwa nayo kila kitanda. Saratani adimu ya mfupa nilikuwa nayo moja. Niliihitaji iwe saratani! Jamani, mmewahi kumsikia daktari anayemwombea mgonjwa wake kansa? Mnamsoma.

Nilimpelekea Mganga Mkuu filamu ile moja, na maelezo ya kurasa tatu yaliyojaa maneno aliyoona haya kuniuliza maana yake. Nilimwambia kwamba tukipeleka kinyama Dar es Salaam kwanza, majibu yatakaa mno, na ugonjwa utaruka mapafuni. Alifurahi. Alipenda mambo yanayomalizika siku ile ile. Tulikubaliana kukata kwanza, na vipande vipelekwe maabara baadaye kwa ajili ya kumbukumbu.

Goreti aliniuliza swali moja tu: kama angeweza kungojea harusi ipite. Nikamwambia kwamba harusi haipiti kwa maiti. Nilijiona nimesema neno la hekima.

Mguu ukakatwa juu ya goti. Ukaondoka.

Yule fundi cherehani alikuja kumwona mara mbili. Mara ya tatu alimtuma shangazi yake, naye akamwambia mama kwamba nyumba ya mkimbizi haina nafasi ya mtu wa kubebwa. Nilipopita wodini nilimkuta Goreti amejifunika shuka usoni, na mama yake ameketi sakafuni akiushika ule mguu uliobaki, kana kwamba nao ungeibiwa. Niliambiwa sababu. Nikasikitika kama mtu anayesikitikia mvua, nikaenda kufunga sanduku la safari.

Dar es Salaam nilitundika filamu yangu mbele ya ukumbi uliojaa. Nilizungumza vizuri. Daktari mmoja mwanamke, mtu mzima, akaniuliza kwa utulivu, "Picha ya pili iko wapi?" Nikamjibu kwamba kwa wakimbizi, mama, hakuna picha ya pili. Wakimbizi hawangojei hata chakula kiive.

Ukumbi ukacheka!

Wakacheka watu wenye shahada, kisha wakanipigia makofi. Hata leo nikisikia makofi ndani ya ukumbi wowote natazama mlango. Yule daktari mwanamke peke yake ndiye aliyeandika kitu katika daftari lake, akalifunga, asinitazame tena.

Bahasha ya maabara ilifika miezi mitatu baada ya upasuaji. Ilikuwa nyembamba, ukurasa mmoja. Nilisoma nikiwa nimesimama. Hapakuwa na chembe ya saratani mahali popote. Msuli uliogeuka mfupa. Pembeni umekomaa, katikati unakomaa. Umetengana na mfupa wa paja. Mfupa wa paja mzima.

Mzima!

Nilifanya nini? Mtu mwenye moyo angelia. Mimi niligeuka kutazama kama kuna mtu dirishani. Kisha nikaikunja barua, nikaitia mtoto wa meza, nikafunga kwa ufunguo. Bi Zaituni aliponiuliza mchana ule maabara imesemaje, nilimjibu neno moja: "Imethibitisha." "Haya, Dokta," akasema. Tangu siku hiyo hakuniita tena mdogo wake.

Wiki chache baadaye ufadhili ukaja. Nilikwenda likizo Songea kuwaaga wazazi. Mama yangu alichinja mbuzi, na mchungaji akanitolea mfano kanisani mbele ya vijana. Nilikula mbuzi yule vizuri tu. Dhamiri haikunisumbua tumbo! Watu husema mwenye dhambi halali. Mimi nililala.

Nilirudi Kigoma kukabidhi ofisi. Gari moshi langu lilikuwa la kesho yake alasiri. Asubuhi ile nilipofika hospitali niliwakuta barazani Goreti juu ya magongo yake, mama yake, na Odeta.

Goreti alinikabidhi kikapu kidogo chenye mfuniko, alichokisuka mwenyewe. Siku hizo hakuweza tena kulima. Aliketi na kusuka.

"Nimesikia unasafiri, muganga," alisema. "Hiki ni chako. Wewe umeniachia uhai. Urakoze cane." Asante sana.

Nilikipokea. Fikirini jambo hilo. Nilikipokea kwa mikono miwili!

Kisha mama akamsukuma Odeta mbele. Alikuwa na miaka kumi na mmoja. Wiki saba kabla ya siku hiyo gogo la kuni lilimwangukia pajani, na paja likavimba, likawa gumu. Walimleta wiki ya tatu, nilipokuwa likizo. Mganga Mkuu aliangalia picha, akachukua na filamu ya Goreti kabatini, akaziweka pamoja, akaandika: ugonjwa ule ule, familia moja. Angemkata siku hiyo hiyo. Lakini alitaka sahihi yangu chini yake, mimi bingwa mtarajiwa, basi akawaambia warudi nikisharejea.

Hivyo Odeta alipata wiki nne. Hakupewa na mtu. Zilipatikana kwa sababu nilikuwa Songea nakula mbuzi.

Bi Zaituni hakungojea niagize. Nilipoingia kitengo cha eksirei alikuwa amekwisha kumpiga binti yule picha mbili, ya mbele na ya upande, na amezitundika zote mbele ya taa pamoja na ile ya kwanza ya Odeta na ile ya Goreti. Hata mwuza samaki wa Katonga angeona: ganda jeupe limezunguka pande zote, ndani pamebaki kiza, na kati ya ganda na mfupa ufa mweusi ulionyooka kama uzi. Uvimbe ulikuwa umepungua kuliko wiki nne zilizopita. Picha ya kwanza ya Odeta na picha moja ya Goreti zilifanana kama mapacha.

"Nisaidie, Dokta," alisema Bi Zaituni. "Mimi sina shahada. Ile barua ilithibitisha nini?"

Nikainua mkono kuirekebisha filamu ya Goreti, ingawa ilikuwa imekaa sawa.

"Alaa." Akazima taa ya filamu. "Basi nenda kawaambie."

Nilikwenda kuwaambia. Lakini nilikwenda na nusu ya ukweli. Nilidhani ningeuokoa mguu wa Odeta bila kuutaja wa Goreti, nipande gari moshi na kikapu changu. Nikamwambia mama kwa sauti tamu kwamba huyu mdogo hana saratani, ni msuli tu, apumzike, asiguswe, utapoa wenyewe.

Sikutegemea alichofanya. Alipiga magoti pale barazani, akanishika viatu.

"Muganga, mukate! Goreti ulimukata, akapona. Huyu unamuachia afe kwa sababu gani? Tumekukosea nini? Kikapu ni kidogo? Tutaleta kuku!"

Nikarudia kwamba si ugonjwa ule. Akauliza namna gani si ule, na uvimbe ni ule ule, mahali ni pale pale, picha ni ile ile, hata muganga mukubwa amesema. Na Goreti, yule ambaye nilimwachia uhai, aliinamia magongo yake akamwambia mdogo wake kwa Kirundi maneno ambayo muuguzi mmoja wa kabila la Waha, ambao lugha yao hukaribiana na Kirundi, alinifasiria pembeni: asiogope, kisu hakiumi, mtu hulala tu akaamka.

Nilikwenda kwa Mganga Mkuu. Akacheka mpaka akakohoa. Akasema kwamba tiketi ya ng'ambo imekwisha kunitia woga wa damu. Akasema mimi ndiye niliyemfundisha ugonjwa huu, na sasa yeye akiwa amekwisha kuuelewa nataka kumvuruga. "Kama huyu si saratani," alisema akifuta miwani, "basi na yule hakuwa. Unasema yule hakuwa?"

Mlango ulikuwa wazi. Ningesema ndiyo. Neno dogo tu...

"Sisemi hivyo," nikajibu.

"Basi kesho asubuhi namkata. Nenda ukafunge mizigo."

Nikaenda kufunga mizigo! Alasiri yote nilikunja mashati. Nilijitetea kama wakili mlevi. Kwamba uamuzi ni wa Mganga Mkuu. Kwamba mama mwenyewe ameomba. Kwamba nikisema, watu wa Simbo hawatakuja tena hospitali, na wengi watakufa kwa aibu yangu moja. Hata hiyo niliifikiria, wasomaji! Mwoga hakosi kamwe sababu ya kuwatakia wengine mema.

Jua lilipokuwa likishuka upande wa Kongo nilikwenda ofisini kuchukua vitabu vyangu. Mle ndani, juu ya meza, palikuwa na fomu ya ridhaa ya upasuaji wa Odeta. Mama alikuwa amekwisha kuweka dole gumba. Alama ilikuwa ya wino, na pembeni yake palikuwa na duara la pili, la njano, lenye mafuta. Mawese. Alikuwa bado anamkanda mwanawe hata siku ile, palepale hospitalini, labda chooni, kwa siri, akimwogopa mwandishi wa ubao. Nilikaa kitini nikiitazama ile alama mpaka pakaanza kiza. Kisha nikafungua mtoto wa meza, nikatoa barua, nikaitia mfukoni mwa shati, nikarudi nyumbani.

Ndugu zangu wasomaji, yaliyonipata baadaye hayafai kuwapotezea muda. Yalikuwa madogo kuliko niliyostahili. Ninachotaka mkichukue ni hiki. Ukiambiwa una uvimbe wa mfupa, usikubali kuhukumiwa kwa picha moja. Omba ugeuzwe, upigwe kwa upande. Kama daktari anaona inafaa kusubiri na kurudia, subiri, na urudi kweli. Kama anasema haiwezekani kusubiri, mwombe akueleze kwa nini, kwa lugha yako. Tena mwambie yote: uligongwa lini, nani alikukanda, mara ngapi, kwa nguvu gani. Akikukaripia, mwambie hata hivyo. Karipio hupona.

Na nyinyi madaktari vijana mnaosoma haya na kunicheka, mcheke vizuri, kisha mtazame milango yenu. Hakuna anayetundika ubao mwekundu siku hizi. Siku hizi ubao uko usoni.

Asubuhi iliyofuata nilifika wodini kabla ya saa mbili. Odeta alikuwa amekwisha kuvalishwa kanzu ya upasuaji na kufungwa kitambaa kichwani. Mama alikuwa kando ya kitanda. Goreti alikuwa ameegemea ukuta. Mganga Mkuu aliingia akikunja mikono ya shati, akaniuliza kama sina gari moshi la kuwahi. Bi Zaituni alisimama mlangoni na filamu kwapani.

Nikatoa barua. Ilikuwa ya Kiingereza, nikaisoma kwa Kiswahili, taratibu, mstari kwa mstari. Kisha nikasema bila kusoma, "Goreti hakuwa na saratani. Mguu wake ulikuwa mzima. Barua hii nimeificha mimi, na ugonjwa wa Odeta ni huu huu ulioandikwa hapa. Hakatwi."

Mganga Mkuu aliniita mwendawazimu. Hakuna aliyemtazama.

Mama alianza kujipiga kifua. "Nilimukanda! Wote wawili niliwakanda, nilidanganya, ni mimi nilimukatisha mwanangu mguu..."

"Hapana, mama," nikasema. "Ubao niliuandika mimi. Harufu niliisikia. Picha ya pili niliikataa mimi. Wewe ulikanda tu. Aliyekata ni mimi."

Nilimgeukia Goreti. Nilitegemea alie, au anitupie gongo. Nilitamani anitupie gongo. Hakufanya hata kimoja. Alikuwa akiitazama ile karatasi mkononi mwangu.

"Soma tena," alisema.

Nikasoma tena, tangu juu mpaka chini. Akangoja mpaka nikapita neno mzima na kumaliza. Akanyoosha mkono, akaichukua barua, akaikunja, akaitia kifuani. Kisha akamwambia mdogo wake, "Haguruka, tugende." Simama, twende.

Odeta akafungua kile kitambaa cha kichwani, akakiacha juu ya mto. Akashuka kitandani, mguu mmoja, kisha wa pili, akachechemea mpaka mlangoni, akaushikilia wazi dada yake apite.